Siku moja maishani mwangu: tone la ziwa, picha na ubishi wake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ghuba ya Mwanza haitaki mvivu. Upepo ukishaamka, mtumbwi unacheza na wavu hauvutiki sawasawa. Chai ya rangi, kiporo cha muhogo, natoka na kisanduku cha barafu kwenda kuchota maji ya ziwa, nikautazame mwani wake kwa hadubini.

Saa kumi na mbili na nusu. Mwaloni Luchelele wavuvi wa dagaa ndio kwanza wanarudi, wengine wanakunja nyavu, wengine wanasinzia juu ya maboya. "Mwangaluka, mwanangu! Leo tena tunaenda kuchota uji?" Mzee anayetuendesha ana utani huo kila wiki. Uji wa kijani ndilo jina lake la ule utando wa mwani unaotanda ufukweni kukiwa na joto na maji yametulia.

Mbali kidogo na ufukwe nashusha sahani ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji: kipenyo sentimita 20, robo nyeusi, robo nyeupe, imefungwa kwenye kamba yenye alama. Ikipotea machoni, unasoma kina. Leo imepotea kwenye mita 1 na sentimita 40. Tulipokaribia matete, sentimita 55 tu. Mzee anasema ujanani mwake alikuwa anaona chambo kikizama hadi kinampotea. Mbolea na udongo wa mashambani, maji machafu ya mijini, vyote vinaishia humu, na mwani unashiba.

Sampuli za maji nazigawa mara mbili. Nusu natia iodini ya Lugol, inageuka rangi ya chai, viumbe vinakufa na kuzama, vinahesabika. Nusu nyingine naiacha hai, maana iodini inaua rangi, na mimi nataka picha.

Saa tatu. Kwenye daladala konda anagonga kisanduku: "Sangara hao?" Namwambia ni maji. Ananitazama, anachukua nauli.

Saa nne hadi saa saba. Hapa ndipo nalipwa mshahara, ingawa hata bila mshahara ningekaa. Natia tone kwenye slaidi, nafunika kwa kioo chembamba, nasubiri. Wageni wa hadubini hukosea hapo hapo: wanatafuta chini. Microcystis, mmoja wa mwani wa ule utando, haizami. Seli zake zina vifuko vya hewa, kwa hiyo kundi zima linapanda na kujibandika chini ya kioo cha juu. Ukiinua fokasi taratibu linatokea, donge la nukta nyingi ndani ya ute, kama mayai ya chura yaliyopungua ukubwa. Pembeni kopepodi, kijidudu cha majini, anakurupuka. Huyo ni chakula cha dagaa, sina ugomvi naye leo.

Halafu nikaupata uzi uliojikunja kama springi. Zamani ningeandika Anabaena bila kufikiri. Tangu mwaka 2009 nyuzi za aina hii zinazoelea zimehamishiwa jina la Dolichospermum, na vitabu vyetu vya maabara bado vina jina la kale. Ndiyo maana nafungua AlgaeBase, hifadhidata ya majina ya mwani mtandaoni, kabla ya kuandika chochote. Ilianzishwa Ireland mwaka 1996, na majina yanapobadilika ndiko naenda kuyafuata. Nikapiga picha 14. Kila moja nimeiwekea mstari wa kipimo, niliopata kwa slaidi yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100. Picha ya mwani isiyo na kipimo ni pambo la ukutani.

Saa nane umeme ukakatika. Nikala ugali na furu.

Saa kumi. Umeme umerudi, bando limebaki kidogo. Natuma picha sita iNaturalist, tovuti ya kushirikishana picha za viumbe, na nyingine kwa wenzangu wa Kisumu na Entebbe. Ziwa ni moja. Uzi ukionekana kwao leo, mimi nataka kujua kesho. Nachagua zile zilizotoka vizuri, nakata kingo zenye uchafu, naandika tarehe, mahali na kina.

Saa kumi na mbili jioni. Shangazi anapiga simu. "Mwanangu, wewe si fundi wa maji? Nimetumiwa picha, maji ya kijani kibichi, wanasema ndiyo ya bomba la Mwanza wiki hii." Nikaomba anitumie. Ilikuwa picha yangu mwenyewe! Ya mwaka juzi, ufukweni, na mtu ameikata sehemu ya chini yenye tarehe na mahali. Nikamweleza: shangazi, picha haipimi sumu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya microcystin-LR, sumu ya mwani huu, kwa lita, na hicho kinapimwa maabara. Ila usichote ziwani penye utando, na usijidanganye kwamba ukichemsha umeimaliza, sumu hiyo haiogopi moto. "Haya, nitawaambia," akasema, kisha akauliza lini nitaoa.

Saa tatu usiku. Mwenzangu wa Kisumu amejibu. Hana salamu nyingi: "Uzi mzuri. Seli ya akiba imegusana na heterosisti au iko mbali nayo?" Heterosisti ni seli ya uzi inayonasa naitrojeni. Swali la haki, ndilo linalotenganisha spishi. Nikafungua picha. Upande uliokuwa na jibu niliukata mchana, pamoja na uchafu. Picha nzima niliifuta kuokoa nafasi kwenye simu.

Chupa ya maji hai iko kwenye friji. Nimemwandikia: asubuhi, kama uzi bado haujapasuka.