Kutoka Namba Moja Uwanjani Hadi Benchi la Ufundi

Nimekulia Upanga, Dar es Salaam, jirani na viwanja vya Don Bosco, na kikapu ndicho kilichonipeleka Marekani. Nilipata ufadhili wa chuo nikiwa namba moja, yule anayechezesha timu. Hasheem Thabeet, mchezaji wetu mrefu ajabu, alikuwa ameshatangulia: Dar hadi Chuo Kikuu cha Connecticut, kisha akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya mwaka 2009, pale timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya. Kila nikisema natoka Tanzania, watu wa kikapu kule walimtaja yeye, halafu wananitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Safari fupi sana hiyo.

Misimu ya kucheza naipita haraka. Nilicheza vizuri, picha yangu ikabandikwa kwenye korido ya ukumbi, goti likaanza kuvimba baada ya kila mechi. Nilipohitimu, kocha wangu akaniweka kuwa msaidizi huku nikisoma shahada ya uzamili: ada imelipwa, posho ya kutosha chakula, kazi haziishi. Kukata video, kupanga basi, kukusanya jezi zilizolowa jasho.

Hizo video ndizo zilizonifundisha ukocha. Jioni moja kocha alisimamisha picha ya pasi niliyotoa msimu uliopita, akaniuliza nilijuaje kwamba mwenzangu atakuwa wazi. Nikajibu, "Nimeona tu." Akasema hawezi kumfundisha mtu "nimeona tu". Nikarudisha mkanda nyuma, mara nyingi hata sikumbuki ngapi, mpaka nikakiona nilichokuwa nakitazama: miguu. Mwenzangu akija kuniwekea skrini, yaani kusimama amzuie njia anayenikaba, simwangalii beki anayenikaba mimi, namwangalia yule anayemkaba mwenzangu. Vidole vyake vikielekea mstari wa pembeni, anakuja kunizuia, kwa hiyo pasi ipite nyuma yake. Akirudi nyuma kuelekea kwenye ringi, nafasi ya kurusha ni yangu. Jambo la sekunde moja lilinimalizia jioni nzima, na kuanzia hapo nikawa na daftari la mambo ya namna hiyo.

Wengi hudhani lazima uache kucheza kwanza ndipo ufundishe. Dawn Staley wa Marekani alianza kuifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Temple mwaka 2000 akiwa bado anacheza WNBA, ligi ya wanawake ya kulipwa, akaendelea na yote mawili hadi 2006. Baadaye akakipa Chuo Kikuu cha South Carolina ubingwa wa vyuo mwaka 2017, 2022 na 2024. Yeye naye alikuwa namba moja, na sishangai: ukicheza nafasi hiyo unalazimika kujua wenzako wote wanne wanatakiwa wawe wapi. Goti langu lisingeniruhusu kufanya yote mawili, lakini mazoezini nilikuwa naingia kuwachezesha mabinti kila walipopungua.

Niliporudi Dar kufundisha timu ya wasichana, kilichonitesa ni sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Vyuoni Marekani una sekunde 30 za kushambulia. Huku ni 24, na timu yako ikiokota ribaundi, yaani mpira wa shuti lenu lililogonga ringi likakosa, mnapewa 14. Mipango yangu mizuri ya pasi tano sita ikafia njiani, nikaikata nusu. Kule mchezaji mwenye mpira anaweza kuomba mapumziko mwenyewe. Huku ni benchi tu, kupitia meza ya waamuzi, na unasubiri mpira usimame au wapinzani wafunge. Namba moja wangu akibanwa kona hana wa kumwokoa, kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kubanwa. Ila FIBA inanipa zawadi moja: mpira wa shuti ukishagusa ringi, yeyote anaruhusiwa kuugusa, hata ukiwa bado juu ya ringi. Wasichana wangu warefu hawakuamini mpaka nilipomwita mwamuzi awaeleze.

Mazoezini sasa nasimamisha mchezo na kuuliza, "Umeona nini?" Mwanzoni walikuwa wanacheka na kutazamana. Siku hizi wananijibu, tena kwa ubishi: "Kocha, miguu yake ilikuwa imenyooka, ungetoa wewe hiyo pasi?" Wakati mwingine wako sahihi.

Kinachonisumbua kwa sasa ni kumpata mchezeshaji anayedunda mpira kwa mkono wa kushoto. Nilionao wote wanakwenda kulia, na wapinzani wameshajua.