Kemia ya kweli

Tangu Jumanne kuna maneno hayajanitoka kichwani. Nimeendesha gari nayo mpaka kazini, nimewageuza wagonjwa vitandani nayo usiku wa manane. "Sijawahi kufanya kemia ya kweli."

Aliyeyasema ni Neema, binti yangu ninayemsomesha nyumbani, mbele ya mshauri wa masomo, tulipokwenda chuoni kupanga aanze kozi za chuo akiwa bado wa sekondari. Mnajua tulivyoisubiri siku ile. Mtihani wa kupima kiwango ulikuwa umemweka moja kwa moja kwenye kozi ya hisabati ya chuo, MATH& 141, na lile faili la kijani nilikuwa nimelibeba limejaa: orodha ya vitabu alivyosoma, insha, tathmini za kila mwaka zilizosainiwa na mwalimu mwenye leseni, nakala za tamko la kusomesha nyumbani ninalopeleka wilaya ya shule kila mwaka kabla ya Septemba 15. Mpango wa miaka miwili nilikuwa nimeuchapa. Muhula wa kwanza kozi mbili tu, ya Kiingereza ENGL& 101 na historia. Sayansi ije baadaye.

Mshauri, mwanamke mpole wa makamo, alitukaribisha vizuri, kisha akamgeukia mtoto. "Ungependa mama abaki tukizungumza?"

Mtoto wa miaka 16 anaulizwa kama mamake abaki! Neema akasema, "Abaki, hakuna shida. Ila nitajibu mwenyewe."

Sheria naijua. FERPA, ya mwaka 1974, inasema mwanafunzi akishaingia chuo, haki juu ya rekodi zake ni zake yeye, hata kama bado ni mdogo. Nimewaeleza wazazi wengi wa kundi letu la kusomesha nyumbani jambo hilo. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, faili mapajani, na hakuna aliyeliomba.

Hilo nililimeza. Kisha akaulizwa muhula wa kwanza anataka kusoma nini, naye hakunitazama. "Kemia yenye maabara. Sijawahi kufanya kemia ya kweli." Mshauri akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Sasa ile tuliyofanya jikoni ilikuwa nini? Nilichemsha kabichi nyekundu mpaka nyumba nzima ikanuka. Tukatia siki, maji yakageuka waridi. Tukatia baking soda kwenye glasi nyingine, yakageuka buluu. Jedwali la elementi lilikaa ukutani karibu na friji mpaka Baraka, mdogo wake, naye akalishika kichwani akiwa bado mdogo. Mizani ile niliinunua kwa pesa za shifti za Krismasi. Jimbo hili la Washington linataka mzazi anayesomesha nyumbani awe na angalau krediti 45 za chuo, au apitie kozi maalumu, au asimamiwe na mwalimu mwenye leseni. Zangu nilizipata nikisomea uuguzi, Neema akiwa bado ananyonya.

Nimeirudia ile ofisi mara nyingi mno. Kuna wakati sauti yake naisikia kavu, kuna wakati naisikia ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizwa swali na kulijibu. Baba Neema aliapa uraia wa Marekani Jumatano, tukapiga picha na bendera ndogo, tukala pilau, na hata pale kwenye foleni ya watu wenye suti nilikuwa nawaza kabichi.

Baba Neema anataka tuangalie upande wa pesa. Sheria iliyoanzisha mpango wa Running Start mwaka 1990 inamwezesha mwanafunzi wa darasa la 11 na la 12 kusoma chuo cha jamii bila karo. Sisi tunabeba vitabu, ada ndogondogo na usafiri. Basi kwa hesabu zake ajaze krediti 15 kila muhula, afikishe 90, atoke na shahada ya miaka miwili akiwa na miaka 18. Hapo sikubaliani naye, na nimemwambia. Krediti 5 za chuo huhesabiwa kama mwaka mzima wa somo moja la sekondari. Mwaka mzima, umebanwa ndani ya muhula mmoja! Na alama atakazopata zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo daima. Siku akiomba kusomea udaktari, watazisoma hata zile za msichana wa miaka 16 aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kupanga wiki yake. Wazazi wanaojaza krediti kwa sababu ni za bure wananitia hofu. Neema ana uwezo wa kukisoma kitabu cha mwaka wa kwanza wa chuo na kukielewa, sina shaka. Vitabu vitatu, ripoti za maabara na mitihani ya katikati ya muhula, vyote katika wiki moja, ni mzigo mwingine kabisa.

Ijumaa nilikaa kupanga upya, safari hii kwa kuanza na kemia. CHEM& 161, 162 na 163 ni kozi za kemia zinazofuatana, kwa hiyo anayetaka kuzimaliza ndani ya mwaka mmoja wa masomo aanze msimu wa vuli. Nilipompelekea Neema karatasi, akanionyesha daftari lake. Alikuwa ameshazipanga: vuli, baridi, masika, kisha baiolojia. Mwandiko wake mdogo, mishale kila mahali. Chuo chetu kinamtaka awe na mwaka mmoja wa kemia ya sekondari kabla ya 161, na mwaka huo unathibitishwa na karatasi ya matokeo niliyoiandika na kuisaini mimi.

Jana jioni, kabla sijaondoka kwenda kazini, alikuja na kitabu alichoazima maktaba. Hesabu za moli, kipimo cha kuhesabia chembe katika kemia, zilikuwa zinamsumbua. Nikageuza bahasha ya bili, nikaandika nyuma yake.

"Mtoto ameandikiwa amoksilini miligramu 250. Chupa ina miligramu 125 kwa kila mililita 5. Utampa kiasi gani?"

"Mililita 10."

"Nionyeshe."

Akaandika vipimo vyote, akakata miligramu kwa miligramu, zikabaki mililita.

"Sasa una gramu 36 za maji. Moli moja ya maji ni gramu 18."

Akainama, akakata gramu kwa gramu. "Mbili. Mama, kumbe ni hesabu zako za dawa!"

Nikamwambia ndizo. Akavuta kiti karibu, tukafanya nyingine na nyingine, tukaujaza ule upande wa bahasha na kuhamia gazeti la matangazo, mpaka Baba Neema akanikumbusha saa. Ulimi ulitaka kumuuliza kama hiyo sasa ni ya kweli. Niliuzuia. Nimefanya kazi usiku kucha mwili mwepesi, hata na yule mzee wa chumba cha mwisho anayekataa dawa zake.

Basi ni ENGL& 101 na CHEM& 161, krediti 10, na fomu iko wilayani inangoja saini.

Kinachoninyima usingizi asubuhi hii ni kingine. Dada ameniandikia kutoka Voi kwamba mama ameacha vidonge vya presha tangu mwezi uliopita, eti hasikii maumivu popote, na vilivyobaki amempa jirani. Hapa ikiwa saa 12 asubuhi kule ni saa 10 jioni. Nimepiga mara tu nilipotoka kazini, simu inaita mpaka inakatika. Nimemwomba dada aende na mashine ampime leo leo, anitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ameusoma ujumbe, hajajibu.