Neno la Harufu ya Mvua
Nimejiwekea utaratibu wa kujifunza kila juma neno moja la Kiingereza lisilo la kawaida, na kulitumia mbele ya watu kabla Jumapili haijafika. Lililonikaa zaidi ni “petrichor”, yaani harufu inayopanda kutoka kwenye udongo mkavu mvua inapoanza kunyesha, neno ambalo Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, walilibuni mwaka 1964 kwa kuunganisha neno la Kigiriki la jiwe na lile la umajimaji uliosadikiwa kutiririka katika mishipa ya miungu. Hapa Dodoma, ambako mvua huadimika tangu Mei hadi Novemba, harufu hiyo tunaijua vizuri kuliko jina lake.

Matone ya kwanza yalipogonga bati la kibanda cha mama lishe, nilivuta pumzi nikalitamka kwa madaha. Mwenzangu akashusha kikombe cha chai, akaniuliza kama hiyo ni dawa ya mifugo. Nilipomweleza, alinusa hewa kidogo, kisha akasema kwamba bibi yake aliiita “harufu ya mvua” tu, na kila mtu alimwelewa. Nakiri kwamba sikuwa na jibu.