Spoila ya Altezza yangu, matundu manne na mvua za masika

Toyota Altezza yangu ilitoka Japani bila spoila, lile bawa linalofungwa juu ya buti. Kila nikiegesha karibu na nyingine yenye spoila, naiona yangu kama haijamalizwa. Mwaka jana nikapita maduka ya vipuri Ilala, nikatoka na spoila ya faiba ya miguu miwili, yenye taa ya breki ndani yake. Laki moja na nusu. Fundi aliyekuwa nje akaniambia, “Bosi, dakika ishirini tu unaondoka.” Na kweli dakika ishirini hazikupita. Ila kurekebisha alichokifanya kulinichukua wiki nzima.

Alitoboa kwa kukadiria kwa macho. Matundu mawili ya kulia hayakulingana na bolti, akayapanua. Bati lililobaki wazi hakulipaka chochote, wala hakuweka raba. Mvua za masika zilipoanza nikawa nasikia harufu ya uvundo ndani ya gari. Nikainua kapeti ya buti: maji yamesimama kwenye shimo la tairi ya akiba, jeki imeshika kutu, na kingo za matundu zimekuwa kahawia.

Kama unataka kufunga spoila, nisikilize hapa, maana kazi yote ipo kwenye matundu.

Niliifungua mwenyewe. Fundi rangi akayaziba kwa kuchomelea yale mawili yaliyopanuliwa, mengine nikayasugua kwa msasa hadi bati likang'aa, nikapaka praima ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi. Kutoboa upya nilitumia kipande cha boksi. Nilikilaza chini ya miguu ya spoila, nikatoboa boksi kwanza, halafu nikakihamishia juu ya buti nililokuwa nimelibandika teipu ya karatasi ili drili isiteleze na rangi isibanduke. Nikapima kutoka katikati kwenda kila upande mara tatu. Tukaanza na biti ya milimita 3, ndipo tukapanda hadi 6, na kila tundu jipya likapakwa praima kabla ya bolti kuingia.

Kila bolti niliipa raba yake juu, washa pana (kile kisahani cha chuma) chini ili bati lisibonyee, na silikoni kuzunguka shingo. Nati unaikaza mpaka raba ianze kubanwa, unaacha. Ukizidisha, bati linaingia ndani na maji yanapata mahali pa kutuama. Waya wa taa nikaupitisha kwenye mpira uleule wa waya za buti, nikauacha ulegee kidogo kwenye bawaba, la sivyo ungekatika kwa kufungua na kufunga. Faiba nayo ina uzito: buti lilikuwa halisimami tena likifunguliwa, hadi springi zake zikakazwa. Kesho yake nikamwaga ndoo tatu za maji, nikapapasa ndani kwa tishu. Kavu.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza: inakimbia zaidi? Hapana. Spoila haiongezi chochote kwenye injini. Kazi yake ni hewa. Hewa inayopita juu ya paa na kushuka kwenye kioo cha nyuma hulivuta gari juu kidogo, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, yaani kwenye 160 ni mara nne ya ile ya kwenye 80. Spoila iliyoundwa vizuri huipunguza. Si jambo la kubuni: Audi TT ya kwanza, iliyotoka mwaka 1998, ilipata ajali za mwendo mkali Ujerumani, na kampuni ikayaita magari yarudi na kuyafunga spoila ndogo nyuma pamoja na mfumo wa kudhibiti kuteleza. Lakini zile ni barabara kuu za Ujerumani.

Mimi naendesha Dar hadi Morogoro, vibao vya 50 kila penye makazi, na askari wa tochi. Kipindi spoila ilikuwa imefunguliwa nilikwenda mara mbili, nilipoirudisha nikaenda mara mbili, kila safari nikijaza tanki hadi bomba lijikate ili nipime mafuta. Safari mbili za hali ileile zilipishana mafuta kuliko zilivyopishana zile zenye spoila na zisizo nayo. Foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze yanaamua mafuta kuliko bawa langu. Kwenye usukani sikuhisi tofauti yoyote.

Tofauti niliihisi siku nilipobadilisha mataili ya nyuma yaliyokuwa yamekakamaa na kupiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Altezza husukumwa na mataili ya nyuma, na kwenye mzunguko wenye maji mkia ulikuwa ukichomoka hata kwenye mwendo wa 40, mwendo ambao spoila haina la kufanya kabisa. Kwa hiyo mwenye laki mbili na mataili yamezeeka, namsihi aanzie kwenye mataili.

Jambo moja lililonisumbua ni kioo cha ndani. Bawa linakata picha katikati, palepale taa ya bodaboda inapotokea usiku. Nimezoea kugeuka kwenye vioo vya pembeni kabla ya kuhama njia.

Sijaitoa, na sitaitoa, naipenda ilivyo. Masika haya nimeinua kapeti mara mbili baada ya mvua kubwa, na jeki ni kavu.