Mpaka niliovuka bila kujua

Jana nimepanda basi Dublin, mji mkuu wa Ireland, kwenda Belfast, Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, pasipoti mkononi, viza zote mbili tayari, nasubiri geti. Wapi! Hakuna geti wala askari. Mstari wa pembeni mwa barabara ulitoka njano ukawa mweupe, vibao vya mwendo vikaacha kilomita vikashika maili. Basi.

Na watu wamekufa kwa ajili ya mpaka huo. Asubuhi nilipita Posta Kuu ya Dublin, nikatia kidole kwenye tundu la nguzo, la risasi za Pasaka ya 1916, Waayalandi walipoasi dhidi ya Uingereza, wanavyosema. Jirani yangu wa kiti, mzee wa kaunti ya Monaghan, akanifafanulia: Ulster, jimbo la kaskazini mwa kisiwa, ina kaunti 9, lakini mgawanyo wa 1921 ulibakiza 6 tu chini ya Uingereza, kwa sababu kwa zote 9 wingi wa Waprotestanti, waliotaka kubaki na Uingereza, ungekuwa mwembamba mno. Monaghan ikaachwa nje. Mkataba na Uingereza wa Desemba mwaka huohuo ukazipa kaunti 26 zilizobaki dola yao, halafu waliopigana bega kwa bega dhidi ya Uingereza wakageukiana kwa ajili ya mkataba huo. Michael Collins, kiongozi wa wapigania uhuru aliyeutia saini, akauawa Agosti 1922 kwao Cork.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, wewe ulikuwa upande gani?" Akacheka, akanipa peremende.