Furu chini ya gati

Leo mchana nilikuwa Port Bell, Luzira, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, nasubiri mzigo kutoka Mwanza. Meli imechelewa, nikainama kuchungulia nguzo ya zege majini.

Jamani, pamejaa uhai!

Mwani umeota kama zulia, konokono wamenata.
Na furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili! Mmoja mwenye ubavu wa buluu anadonoa mwani, anarudi nyuma, anadonoa tena. Kila anapodonoa panabaki kidoa cheupe cha zege.

Nimefurahi mno. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 aliwamaliza furu wengi, aina nyingine hazikuonekana tena. Hawa wamepata maficho hapa mjini, katikati ya chupa za plastiki (hizo zimeniuma).

Ndugu wa Mombasa, nguzo zenu zina chaza tu au na samaki?
Wa Entebbe na Jinja, kwenu mmeona nini? Tupieni picha.