Lafudhi ya Mzee Ojwang

Wiki hii nimemuwaza sana Mzee Ojwang, yule mchekeshaji wa tivi ya Kenya. Wengi walimjua kwa hilo jina la kwenye kipindi cha vichekesho cha Vitimbi tu lakini mzee wetu aliitwa Benson Wanjau, Mkikuyu kabisa, na ile lafudhi ya Kijaluo aliyoongea miaka yote hiyo kwa tivi ilikuwa kazi. Kazi jamani. Mimi naigiza, najua vile ni ngumu kushika lafudhi isiyo yako hata dakika kumi, ukikasirika inateleza, ukicheka inateleza, ile ya kwenu inajirudia yenyewe. Yeye aliishika akigombana na Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, akinung'unika, akipayuka, na sijawahi kusikia ikimponyoka. Halafu mtu anakwambia ati ni kipaji tu, alizaliwa nacho!

Mimi riziki yangu kubwa ni setibuku. Tunazunguka shule za sekondari tukiigiza vile vitabu wanafunzi wanasomea KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, mara nyingi ni kwa daining, hakuna maiki, steji ni meza zimeunganishwa na ukipanda unaskia moja inacheza unajua hapo usikanyage kwa nguvu. Mtoto aliyekaa karibu na dirisha la mwisho lazima akuskie na yeye pia, kwa hivyo sauti inatoka tumboni, ukitumia koo shoo ya asubuhi ikiisha ya mchana huna kitu. Kwa kamera sasa ni kinyume, ukipandisha nyusi vile ulizoea kwa steji dairekta anasimamisha kila kitu mnaanza upya. Unaongea kama mtu anayeongea na jirani, macho ndio yanafanya kazi. Na kwa vile mtaala unabadilishwa, KCSE ya mwisho inatarajiwa 2027, sisi wa setibuku tunaulizana kila siku baada ya hapo tutakula wapi.

Kinachoniuma ni pesa. Kuna prodakshen moja tulimaliza kushuti vizuri, tukapigana picha, tukaagana, malipo yakakuja miezi baadaye na katikati hapo simu zilikuwa hazishikwi kabisa. Landlodi haelewi mambo ya "tunangoja chaneli ilipe kwanza".

Ndio maana namrudia mzee. Macho yake yalipoanza kumsumbua Wakenya walichanga atibiwe. Nilifurahi kuona vile alipendwa, lakini pia niliumia sana, mtu amekuwa sebuleni kwa watu tangu enzi za VoK, ile stesheni ya taifa ambayo sasa ni KBC, vipindi vyake vinarudiwa watoto wanacheka, na matibabu yake yanangoja mchango. Alituacha Julai 2015, mwaka ule ule National Theatre ya Nairobi ilifunguliwa tena baada ya kukarabatiwa. Jengo tulilipata zuri kweli. Ila aliyesimama ndani yake bado analipwa siku ya shuti na basi, hata kama kipindi kitaonyeshwa mara mia.

Kwa hivyo vijana wapya kwa kundi letu nawaambia kabla hujasaini uliza marudio, uliza Yutubu, uliza kikiuzwa nje wewe unapata nini, na jibu liandikwe. Juzi dada mmoja mdogo, hii ndio kazi yake ya kwanza ya tivi, aliuliza hayo yote akiwa amekaa mbele ya maprodyusa na karatasi mkononi. Wakaangaliana, wakatoka nje kidogo, wakarudi wakaongeza kipengele cha marudio. Asilimia ni ndogo lakini imeandikwa. Nilifurahi siku nzima.